Kiingilio, Nauli na Uchaguzi: Suala la Maadili ya Mtazamaji wa Tamthilia

Mhakiki wa tamthilia aghalabu huanza kazi yake pale pazia linapofunguliwa. Huzungumzia wahusika, mgogoro, lugha na dhamira, na humchukulia mtazamaji kuwa mtu aliyekwisha kufika na kuketi. Namna mtu huyo alivyofika, kiasi alicholipa mlangoni, na sababu ya kuliacha onyesho jingine akaja hili, ni mambo yanayoachiwa watunza hazina wa vikundi vya maigizo. Makala haya yanashikilia kwamba kuachwa huko ni kosa la kinadharia, na ni kosa la kimaadili vilevile. Swali lenyewe halina ugumu wa kutamkwa. Je, mtu ambaye uwezo wake unamruhusu kutazama onyesho moja tu kwa mwaka ana wajibu wowote katika kulichagua? Na ikiwa bei ya onyesho moja imeshushwa kwa ajili yake, ilhali ya jingine haikushushwa, je, uchaguzi huo ungali wake?

Swali hili likiulizwa katikati ya Nairobi hupoteza makali yake, kwa kuwa pale mtu akikosa leo huenda akapata wiki ijayo. Timboroa ni mahali panapofaa zaidi kulipimia. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, katika nyanda zilizo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ilipitia hapo, na stesheni yake ilijulikana kwa kuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Wakazi hulima viazi, hufuga ng'ombe wa maziwa, na huwauzia wasafiri mazao yao kando ya lami. Ukumbi wa tamthilia hapana. Anayetaka kuona mchezo jukwaani hana budi kuteremka zaidi ya kilomita 50, apite Burnt Forest na Cheptiret, hadi Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024. Karibu na Eldoret, huko Kesses, kipo Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho kimewafunza wengi fasihi na sanaa za maonyesho. Hata hivyo, tamthilia ambayo kijana wa Timboroa ana nafasi kubwa zaidi ya kuiona kwa macho yake ni ile iliyomo katika mtaala wa mtihani wake.

Achukuliwe mfano wa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa ya eneo hilo. Mezani pake pana barua mbili. Ya kwanza imetoka kwa kikundi kinachozunguka kuigiza kitabu teule, yaani tamthilia iliyowekwa na wizara isomwe na kutahiniwa katika kidato cha nne. Kikundi hicho kinaahidi bei ya punguzo kwa kila mwanafunzi iwapo watafika arobaini, na mwalimu ataingia bila kulipa. Ya pili imetoka kwa kikundi kichanga kilichotunga mchezo wake chenyewe juu ya jirani anayerudi katika shamba alilofukuzwa, akakuta ua limesogezwa. Kikundi hiki hakina punguzo la kutoa. Kodi ya ukumbi imekimaliza. Maonyesho yote mawili yatakuwa Eldoret, Jumamosi ileile, na wazazi wanaweza kuchangia safari moja tu. Mfano huu ni wa kubuni, lakini hali zake si za kubuni. Eneo la Burnt Forest na viunga vyake liliona nyumba zikichomwa na watu wakihama mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wanafunzi walioketi darasani leo walizaliwa na kulelewa na watu waliohama na watu waliobaki. Mchezo wa pili, uwe mzuri au mbaya, unawahusu kwa namna ambayo wa kwanza huenda usiwahusu.

Kabla ya kumhukumu mwalimu huyo, ni vyema kwanza kuchunguza punguzo ni kitu gani. Mifano iliyo wazi zaidi imo katika miji mikubwa ya ng'ambo. Mwaka 1973 kilifunguliwa New York, katika eneo la Times Square, kibanda cha kuuzia tiketi za siku hiyohiyo kwa bei iliyopunguzwa hadi nusu, na mwaka 1980 London ikafuata kwa kibanda chake katika uwanja wa Leicester Square. Mantiki yake ni ileile ya mwuza maziwa wa Timboroa inapokaribia jioni. Kiti kisichokaliwa usiku wa leo hakiwezi kuwekwa kiuzwe kesho, kimeharibika. Kwa hiyo ni afadhali kiuzwe kwa nusu kuliko kibaki kitupu. Lakini anayepanga foleni kibandani hapo huwa ameacha kitu ili apate nafuu hiyo. Hachagui kutoka katika michezo yote ya mji. Anachagua kutoka katika ile ambayo wenye fedha hawakuimaliza. Michezo inayopendwa kupita kiasi aghalabu haifiki kibandani. Punguzo, basi, hata pale lilipo huria kabisa, ni biashara ya kubadilishana: mnunuzi anatoa sehemu ya uchaguzi wake, naye muuzaji anatoa sehemu ya bei yake. Hakuna dhuluma katika biashara hiyo maadamu mnunuzi anajua anachokitoa na ndiye anayekitoa.

Ikumbukwe pia kwamba kibanda cha namna hiyo humfaa anayeishi karibu. Mtu wa Timboroa hawezi kungojea hadi alasiri kujua kama kiti kimebaki. Gharama yake kubwa haiko mlangoni, iko barabarani. Nauli ya matatu ya kwenda na kurudi huenda ikakizidi kiingilio, na hakuna mwenye matatu anayempunguzia abiria kwa sababu anakwenda kutazama tamthilia. Zaidi ya nauli kuna usiku. Onyesho linaloanza jioni humalizika wakati magari ya kupanda milimani yamekuwa haba, na baridi ya huko haimsubiri mtu kituoni kwa upole. Anayepunguza bei ya tiketi bila kuangalia saa ya kumaliza onyesho amempunguzia mtu mwingine, si huyu.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina tahadhari zake juu ya vitu vya bei ya chini, na maneno inayotumia yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyo kawaida. Neno *bure* lina maana mbili ambazo haziachani: kitu kilichopatikana bila malipo, na jambo lililofanywa bila faida. Aliyeingia bure ameingia bila kulipa. Aliyekwenda bure amerudi mikono mitupu. Neno *rahisi*, katika Kiswahili cha pwani, ni kisichokuwa ghali na kisichokuwa kigumu kwa pamoja, na methali husema kwamba rahisi huvunja upishi. Neno *nafuu* ndilo lenye huruma. Mgonjwa hupata nafuu, na mnunuzi hupata bei nafuu. Katika hali zote mbili kuna maumivu yaliyotangulia. Anayetangaza bei nafuu anakiri, pengine bila kujua, kwamba bei ya kawaida ilikuwa ikiumiza. Swali la kimaadili ni nani alikuwa akiumia, na kama ndiye huyo aliyepata nafuu. Katika mfano wa barua ya kwanza, wa kwanza kuingia bila kulipa ni mwalimu, mtu pekee katika msafara huo mwenye mshahara.

Kuhusu kuchagua, hekima ya jadi ni kali zaidi. Mchagua jembe si mkulima. Mchagua nazi hupata koroma. Methali zote mbili humwonya anayechagua, ya kwanza kwa kumwita mvivu na ya pili kwa kumwahidi hasara. Zinafaa shambani, ambako msimu haumngoji mtu alinganishe mipini. Zikihamishiwa katika sanaa, hata hivyo, hugeuka kuwa kinga ya yule anayewachagulia wengine. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini aende kutazama mchezo huu na si ule huambiwa kwa maneno haya haya kwamba kazi yake ni kulima kwa jembe alilopewa. Inafaa kukumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, aliipa hotuba yake ya mwaka 1969 kichwa kinachosema kwamba kupanga ni kuchagua. Hoja yake ilihusu uchumi wa taifa maskini: asiyeweza kufanya yote hana budi kuamua atakaloacha. Maskini ndiye anayechagua kwa uzito, kwa sababu kila anachokichukua kina kitu alichokiacha. Tajiri hachagui, huahirisha tu.

Sasa upande wa kitabu teule hauna budi kusikilizwa kwa haki, kwani wahakiki wa vyuo vikuu wana desturi ya kuudharau. Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne, tamthilia huwa na swali la alama 20. Kwa mwanafunzi wa Nairobi aliye na maktaba, wazazi wasomi na mwalimu wa ziada, alama hizo ni sehemu ndogo ya maisha yaliyokwisha kupangwa. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa ya Timboroa, ambaye nakala moja ya kitabu huenda inasomwa na wanne, alama hizo zinaweza kuwa tofauti kati ya chuo na shamba la viazi. Kumwambia aache onyesho litakalomsaidia kukumbuka wahusika na matukio ili akatazame mchezo wa kikundi kisichojulikana, eti kwa sababu sanaa ni pana kuliko mtihani, ni kumhubiria mwenye njaa uzuri wa kufunga. Anayeidharau tamthilia ya mtihani kwa kawaida ni mtu aliyekwisha kuupita mtihani. Mwalimu akiichagua barua ya kwanza kwa sababu hiyo, hajakosa. Makala haya hayana ugomvi na jibu lake. Yana ugomvi na njia aliyolifikia.

Njia hiyo huonekana katika namna onyesho lenyewe linavyotazamwa. Hadhira ya kitabu teule huja na kalamu. Hucheka mahali palipotajwa darasani kuwa pana kejeli, na hunyamaza mahali palipotajwa kuwa pana majazi. Baadhi ya waigizaji, kwa kuijua haja ya wateja wao, huyakazia maneno yatakayotahiniwa kama mtu anayepigia mstari. Mchezo hugeuka kuwa marudio ya somo, na mwanafunzi hurudi nyumbani akiwa amethibitisha kwamba kilichoandikwa katika mwongozo ni kweli. Jambo ambalo hakulipata ni fursa ya kusema kwamba mchezo haukumpendeza. Mtihani hauna swali linalomruhusu aseme hivyo.

Tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea, iliyokuwa kitabu teule katika miaka iliyofuata 2017, inalionyesha jambo hili kwa namna ambayo huenda hata mwandishi hakuikusudia. Mapema katika mchezo huo, wachongaji waliopo kazini wanaletewa keki ya sherehe za uhuru na mjumbe wa mtawala. Wawili wanakula. Sudi anakataa, kwa kuwa anaelewa kwamba keki hiyo ni malipo ya kazi ambayo hajakubali kuifanya, yaani kinyago cha shujaa wa ukoo wa mtawala. Maelfu ya wanafunzi walijifunza kueleza tukio hilo kuwa ni mfano wa msimamo thabiti. Walijifunza pia kulieleza wakiwa wameketi katika viti ambavyo hawakuvichagua, kwa bei iliyoshushwa kwa sharti la kutovichagua. Si haki kumlaumu mwandishi, wala kikundi kilichoigiza, wala wanafunzi waliofurahia, na walifurahia kwa hakika. Lakini mtu aliyelisoma tukio la keki kwa makini hana budi kuuliza kama kuna keki nyingine ukumbini.

Hapo ndipo kiini cha suala kinapopatikana. Katika foleni ya kibanda cha London, anayelipa, anayechagua na anayetazama ni mtu mmoja. Akichagua vibaya, hasara ni yake na ghadhabu ni yake. Anarudi nyumbani akilaani mchezo, na laana hiyo ni uhakiki, hata kama ni uhakiki wa mtu asiyesoma nadharia yoyote. Katika msafara wa kutoka Timboroa, mtu huyo mmoja amegawanywa vipande vitatu. Mzazi analipa na hatazami. Mwanafunzi anatazama na hachagui. Mwalimu anachagua na halipi. Hakuna hata mmoja aliyebaki na haki kamili ya kulalamika. Mzazi hakuona, mwanafunzi hakutoa, mwalimu hakupoteza. Mchezo mbaya ukiigizwa mbele ya hadhira iliyogawanywa hivyo, hakuna atakayesema ni mbaya, na kikundi kilichouigiza kitazunguka nao mwaka mzima kikiamini kwamba ni mzuri. Hii ndiyo hasara ambayo punguzo huificha, na inawafikia hata waigizaji, ambao hawana adui mbaya kuliko hadhira isiyo na haki ya kuwakataa.

Falsafa ya zamani haikuwa mbali na tatizo hili. Rousseau, katika barua yake ya mwaka 1758 ya kupinga kujengwa kwa ukumbi wa maigizo Geneva, alidai kwamba tamthilia inayoingiwa kwa fedha huzidisha tofauti kati ya tajiri na maskini, na kwamba kiingilio ni kama kodi inayomlemea zaidi asiyenacho. Alifikia hitimisho kwamba ni bora ukumbi usiwepo. Hitimisho hilo linawafaa watu wenye sherehe zao nyingine za hadhara, na Rousseau aliamini kwamba watu wa Geneva walikuwa nazo. Halimsaidii anayeishi mahali ambapo ukumbi tayari haupo. Waathene walikuwa na dawa tofauti. Palikuwa na hazina ya umma iliyompa raia fedha ya kuingilia katika maigizo ya sikukuu, kiasi kinachotajwa kwa kawaida kuwa oboli mbili, na Plutarch aliihusisha desturi ya namna hiyo na Perikles. Demosthenes baadaye alilalamika kwamba fedha hizo zingefaa vitani. La kuvutia katika utaratibu huo ni mahali fedha ilipowekwa. Haikupelekwa kwa wenye mchezo ili washushe bei. Ilipelekwa mkononi mwa raia, naye akaipeleka mlangoni. Alifika kama mtu anayelipa. Ni kweli kwamba raia huyo alikuwa mwanamume huru, na kwamba watumwa waliolima mashamba yake hawakuhesabiwa. Hata hivyo wazo lenyewe linabaki: kumsaidia mtazamaji ni jambo moja, na kumnunulia mtazamaji mchezo ni jambo jingine.

Afrika Mashariki imejaribu njia yake. Mwaka 1965 wanafunzi na walimu wa Makerere walianzisha tamthilia ya kusafiri iliyozunguka Uganda na Kenya, na mwaka 1974 Idara ya Fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ikaanzisha ya kwake. Majina yao ya Kiingereza yalitamka waziwazi kwamba kiingilio hakikutozwa. Vikundi hivi viliondoa gharama mbili kwa pigo moja, tiketi na nauli, kwa kuwa ni mchezo uliosafiri na si mtazamaji. Ni vigumu kuupuuza wema huo, na wengi waliokuja kuwa waandishi na waigizaji walipikwa humo. Hata hivyo hadhira iliyopelekewa mchezo haikuuchagua, na kwa kuwa haikutoa kitu, adabu iliidai ishukuru. Mgeni aliyekuja na zawadi haulizwi kwa nini hakuleta nyingine.

Kamiriithu, karibu na Limuru, jambo lilikwenda kwa njia tofauti. Wanakijiji walijenga uwanja wa maonyesho usio na paa kwa mikono yao, na mazoezi ya *Ngaahika Ndeenda*, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, yalifanyika hadharani. Waliopita walisimama wakatazama, na waliotazama wakasahihisha: lugha ya mzee haikuwa lugha ya mzee, mfanyakazi wa kiwandani hasemi hivi, wimbo huu huimbwa vile. Mchezo ulipofunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977, hadhira yake ilikuwa imekwisha kuulipia kwa jasho na kwa ukosoaji. Hapakuwa na haja ya kuwagawanya watu hawa vipande vitatu. Waliolipa ndio waliochagua, na ndio waliotazama. Leseni yake ilifutwa tarehe 16 Novemba mwaka huohuo, na Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa Desemba. Inawezekana kabisa kwamba dola liliogopa maneno ya mchezo. Yamkini liliogopa zaidi hadhira iliyojua kwamba mchezo ni wake.

Kwani uchaguzi wa mtazamaji huanza kufanywa na wengine muda mrefu kabla hajafungua mkoba. Oktoba 1976, michezo miwili iliyoandaliwa kupelekwa katika tamasha la sanaa la Lagos, *The Trial of Dedan Kimathi* wa Ngugi na Micere Mugo na *Betrayal in the City* wa Francis Imbuga, ilipewa siku chache tu katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo jijini Nairobi. Ngugi alisimulia baadaye kwamba ukumbi ulikuwa umetengewa burudani za wageni, ikiwamo baleti kutoka Ufaransa na mchezo wa vichekesho na nyimbo wa Kimarekani. Mkazi wa Nairobi wa mwaka ule aliyetaka kuona tamthilia ya nchi yake hakukosa fedha, alikosa tarehe. Hakuna punguzo linaloweza kumrudishia mtu tarehe.

Na kuna jambo lililotokea Nakuru, kwenye mwisho wa pili wa barabara ileile ipitayo Timboroa. Katika Tamasha la Kitaifa la Drama mwezi Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walifika kuigiza *Echoes of War*, mchezo ambao ulikuwa umeondolewa katika mashindano hadi Mahakama Kuu ilipoamuru waruhusiwe. Mwandishi wake, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikuwa ametiwa mbaroni. Nje ya ukumbi polisi waliwatawanya kwa gesi ya kutoa machozi watu waliokuja kutazama. Tarehe 10 Aprili wasichana hao walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Malalamiko yao yalikuwa ya namna ambayo mhakiki wa kawaida hayaweki katika uchambuzi: hapakuwa na hadhira. Walikuwa na jukwaa, walikuwa na amri ya mahakama, na mchezo walikuwa nao vichwani. Waliona kwamba bila watu waliokuja kwa hiari yao, kilichobaki hakikuwa onyesho. Wasichana wa umri wa sekondari walilijua jambo ambalo nadharia ya tamthilia imelizungukia kwa muda mrefu, na walilitenda kwa dakika chache.

Likirejeshwa kwa mwalimu wa Timboroa, jambo hili linabadilisha sura ya barua zake mbili. Hoja ya alama 20 bado ina uzito uleule. Hoja ya mchezo wa shamba na ua nayo ina uzito wake, na huenda ikawa nzito kuliko anavyopenda, kwa kuwa mchezo kama huo unaweza kufungua darasani mazungumzo ambayo mwalimu hana uhakika wa kuyafunga. Hofu hiyo ni halali na ataitaja mwenyewe akiwa mkweli. Isichanganywe na hoja ya bei. Mara nyingi punguzo ndilo linalomwokoa mtu asitaje hofu yake. Husema amechagua kilicho nafuu, na hakuna anayeuliza zaidi, kwa sababu katika nchi ya watu wenye shida unafuu ni jibu linalofunga kila mjadala.

Hatua anazoweza kuzichukua si za kishujaa. Anaweza kuzisoma barua zote mbili mbele ya darasa, na kutaja bei zote, pamoja na ile ya nauli. Anaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba ameahidiwa kuingia bila kulipa, kisha alipe kiingilio chake kama wao. Kiasi chenyewe ni kidogo, lakini kitamfanya awe mtu wa arobaini na moja badala ya kuwa mwenye msafara. Anaweza kuwaandikia wenye kitabu teule awaombe waanze mapema, magari yakiwa bado yanapanda. Kisha aulize. Kwa sehemu kubwa mikono itainuliwa kwa kitabu teule, na pengine ni sawa iwe hivyo. Wachache watainua kwa ule mwingine, nao watakwenda na wenzao kutazama mchezo ambao hawakuutaka, kama inavyotokea katika kila jamii inayoamua kwa wingi wa kura.

Jumatatu, kabla ya kuuliza juu ya maudhui na wahusika, aanze na swali ambalo halimo katika mwongozo wowote: je, onyesho lilistahili fedha iliyotolewa? Mwanafunzi ambaye mamake aliuza debe mbili za viazi kando ya lami ili apate nauli yake ana kipimo cha kulijibia, na akisema halikustahili, atalazimika kueleza ni mwigizaji gani, katika tukio gani, aliyemfanya azikumbuke zile debe.